Mafundo kwenye mizizi ya nyanya

*Shikamoo bwana shamba. Niko Urambo. Nyanya zangu zinanyauka mchana ingawa namwagilia. Nimeng'oa mche, mizizi imejaa mafundo. Ni yale yale ya karanga?*

Marahaba. Siyo. Fundo la karanga ukilisugua linabanduka, na ukilipasua ndani lina wekundu. Humo bakteria wanaupa mmea naitrojeni. La nyanya yako halibanduki, maana ni mzizi wenyewe uliovimba, na ndani minyoo fundo, minyoo wadogo sana wa udongoni, wananyonya. Jike mmoja hutaga mamia ya mayai. Kama mwaka jana hapo palikuwa na tumbaku, waliachwa hapo wakingoja.

*Hakuna kinachowala hao minyoo?*

Kipo, na natamani kila mkulima wa Tabora akijue. Kuna ukungu wa udongoni unaotega vitanzi: mnyoo akipenya, kitanzi kinavimba ghafla, kinamkaba, kisha ukungu unamla. Mwingine hula mayai. Anayenishangaza zaidi ni bakteria aitwaye Pasteuria penetrans. Chembe zake hujibandika kwenye ngozi ya mnyoo mchanga, naye anaingia nazo mzizini. Akikomaa, mwili unajaa bakteria badala ya mayai. Akioza, chembe zinabaki udongoni zikisubiri wengine.

*Ni kweli nyasi za vilima vya mchanga pwani ya Uholanzi zinaishi na minyoo bila dawa?*

Kweli. Upepo huzifukia kwa mchanga mpya kutoka ufukweni, nazo huotesha mizizi juu, kwenye mchanga ambao minyoo hawajaufikia. Mchanga ukikoma kuja, nyasi hudhoofika. Watafiti wameona pia kwamba vijidudu vya udongo huo huwapunguza baadhi ya minyoo, na kuvu wanaoishi na mizizi husaidia kuikinga. Shamba letu halifukiwi na upepo, kwa hiyo sisi tunawategemea vijidudu hata zaidi.

*Nichome shamba?*

Usichome, tafadhali. Moto hauwafikii minyoo walio chini, ila unateketeza majani ambayo yangelisha udongo. Ng'oa mizizi yenye mafundo, ianike ikauke kabisa, uichomee pembeni. Weka samadi iliyooza vizuri. Msimu mmoja panda marejea, mmea wa jamii ya kunde wa kurutubisha udongo, uyalaze kabla hayajatoa mbegu. Minyoo fundo hushindwa kuzaana humo. Bamia, bilinganya na tumbaku zisikanyage hapo kwanza.

*Na miche ya kununua?*

Ng'oa mmoja mbele ya muuzaji, uoshe mizizi. Ukiona fundo, usinunue.