Itazameni pamoja na sauti ya VJ

Ndugu yangu, umeuliza kama mumeo amekupotezea usiku kwa kukuwekea "Who Killed Captain Alex?", filamu ya mapigano ya Uganda, na wenzake wanaisifu kwa lipi. Hakukupotezea. Umesema mlizima sauti kwa kuwa yule msimulizi anakera. Hapo ndipo mlipoikosa filamu yenyewe. Msimulizi huyo, VJ Emmie (VJ ni "video joker"), anaongea juu ya picha kama wanavyofanya mavijei kwenye vibanda vya video hapa Kampala: anashangilia, anamtania komando, anakutangazia kwamba mapigano yanakuja. Ukimnyamazisha, unabaki na nusu ya filamu.

Mwongozaji Nabwana I.G.G. aliitengeneza Wakaliga, mtaa wa hapa Kampala, na kuitoa mwaka 2010, kwa fedha kidogo mno na waigizaji wa mtaani kwake. Bunduki zimeungwa kwa vyuma chakavu, na milipuko aliichora mwenyewe kwa kompyuta. Picha ina ukungu kwa sababu nakala safi ilifutwa ili kupata nafasi ya kazi iliyofuata. Mimi naipenda sana hasa kwa hilo: hawakusubiri fedha za mtu.

Waalike majirani Jumamosi, fungueni sauti yote. Usiitazame peke yako kwenye simu.