Mbona Lazima Afe? Majibu kwa Barua za Wapenzi wa Sinema

Barua za mwezi huu zimetoka zaidi Tanga mjini, pamoja na moja kutoka Bagamoyo, na nyingi zinagusa jambo moja kwa njia mbalimbali: namna sinema inavyowamaliza wahusika wanaopenda watu wa jinsia yao. Majina ya walioandika yamefupishwa, kwa sababu ambazo msomaji wa nchi hii hahitaji kuelezwa.

Ndugu mwandishi, kuna kibanda umiza huku Ngamiani ambako nilitazama picha ya wachunga kondoo wawili wa Kimarekani iliyotiwa Kiswahili. Mfasiri alishikilia tangu mwanzo kwamba wale ni mtu na binamu yake, na hata walipobusiana alisema wanaagana kwa mila za kwao. Ukumbi mzima ulicheka. Mimi sikucheka, na habari za kifo cha mmoja wao zilipofika niliondoka. Picha za namna hii nilizowahi kuziona zote zinaishia msibani. Kwa nini? – R., Ngamiani, Tanga

Picha hiyo ni *Brokeback Mountain* ya mwaka 2005, iliyoongozwa na Ang Lee kutokana na hadithi fupi ya Annie Proulx. Naona uchungu kwamba ulitoka kabla haijaisha, maana dakika zake za mwisho ndizo zilizobeba filamu nzima. Ennis anakwenda nyumbani kwa wazazi wa marehemu Jack, anapanda chumbani, na ndani ya kabati anakuta mashati mawili yametundikwa kwenye henga moja: shati lake mwenyewe, alilodhani lilipotea mlimani miaka mingi iliyopita, limeingizwa ndani ya shati la Jack. Mwishoni kabisa tunayaona tena mashati hayo kwa Ennis, ila safari hii la kwake ndilo lililo nje, limelikumbatia la mwenzake. Hakuna anayeeleza lolote, na hapo hata mfasiri wako angekosa la kusema kuhusu binamu.

Sasa nije kwenye swali lako. Mwaka 1930 makampuni ya sinema ya Marekani yalijiwekea kanuni za maadili zilizojulikana kwa jina la Will Hays, mkuu wa umoja wao, na kuanzia mwaka 1934 zikasimamiwa kwa ukali, kiasi kwamba filamu isiyokuwa na cheti haikuwa na njia ya kufika kwenye majumba makubwa. Kanuni hizo zilikataza hata kudokeza mapenzi ya jinsia moja, na zilitaka kila linalohesabiwa kuwa ovu liadhibiwe kabla taa za ukumbi hazijawashwa. Waandishi wakajifunza ujanja: mtu wa namna yetu aliingizwa kwa mlango wa nyuma, akapewa sauti laini na tabasamu la hila, akafanywa adui wa steringi, kisha akauawa. Mwaka 1961 kanuni zililegezwa ili jambo hilo liweze kutajwa kwa tahadhari, na mwaka huohuo katika *The Children's Hour* mwalimu aliyeigizwa na Shirley MacLaine anakiri kumpenda mwalimu mwenzake, kisha anajinyonga. Kanuni zenyewe zilifutwa mwaka 1968, lakini mazoea yana tabu, na yale yaliendelea bila kuhitaji sheria. Vito Russo, Mmarekani aliyeandika kitabu cha *The Celluloid Closet* mwaka 1981, aliambatanisha mwishoni orodha ya wahusika wa namna hiyo na jinsi kila mmoja alivyokufa. Kuisoma ni kama kusoma kitabu cha makaburini.

Hata hivyo tusizitie picha zote kapu moja. Jack hafi kwa sababu Ang Lee anamwadhibu. Mkewe anasema aliuawa na tairi lililopasuka, Ennis anawaza kwamba alipigwa na watu, na filamu inamlilia ikiwa upande wake. Kuna kifo kinachomwombolezea mtu na kuna kifo kinachomfagia njiani, na mtazamaji makini huona tofauti.

Ukitaka isiyoishia msibani, itafute *Maurice* ya James Ivory, iliyotoka mwaka 1987. Hadithi yake iliandikwa na E. M. Forster mwaka 1913 na 1914, naye akaifungia, ikachapishwa mwaka 1971 baada ya yeye kufariki. Alieleza mwenyewe kwamba kama angewamaliza vijana wake kwa kitanzi, kusingekuwa na shida. Tatizo lilikuwa kwamba aliwaacha hai na wenye furaha. Hapa Afrika, Mohamed Camara wa Guinea alitoa *Dakan* mwaka 1997, na vijana wake wawili wanaondoka pamoja katika gari mwishoni. Si filamu iliyonyooka kila mahali, na katikati inazubaa kidogo, lakini waliingia kwenye gari wakiwa hai.

Shikamoo kaka. Mimi ni mwanafunzi wa filamu hapa Bagamoyo. Darasani tulibishana kuhusu *Rafiki* ya Kenya: wengine wanasema ilipigwa marufuku kwa sababu ya mabusu, wengine wanasema ni kwa sababu ya mwisho wake. Ukweli ni upi? Na pili, ninaandika skripti ya mvuvi wa Bagamoyo anayempenda mwanamume mwenzake. Unanishauri nini? – K., Bagamoyo

Marahaba, mdogo wangu. Wanaotaja mwisho ndio wenye hoja. *Rafiki* ya Wanuri Kahiu inatokana na hadithi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iliyopata Tuzo ya Caine ya hadithi fupi za Kiafrika mwaka 2007, nayo inasimulia habari za Kena na Ziki, mabinti wa wanasiasa wawili wanaogombea kiti kimoja Nairobi. Mwaka 2018 iliteuliwa kuonyeshwa kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa, jambo ambalo halikuwahi kuipata filamu yoyote ya Kenya, na kabla haijafika huko bodi ya filamu ya Kenya ikaipiga marufuku. Mwongozaji ameeleza kwamba alitakiwa abadilishe mwisho, kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno na haukuonyesha majuto ya kutosha, naye akakataa. Mwisho wenyewe ni huu: wasichana wameshapigwa na kundi la watu, wametenganishwa, Ziki amepelekwa London, miaka imepita, Kena amekuwa daktari, na siku moja mkono unamgusa begani. Basi. Pigo la umati halikuwa kikwazo. Kikwazo kilikuwa bega.

Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu aliiondolea marufuku kwa siku 7, kwa watu wazima tu, ili itimize sharti la kufikiriwa kwenye Tuzo za Oscar, akisema kwamba haamini kuwa Kenya ni jamii dhaifu kiasi cha misingi yake ya maadili kutikiswa na filamu kama hiyo. Kumbi za Nairobi zilijaa. Hatimaye Kenya ilipeleka *Supa Modo* badala yake, na mwaka uliofuata Samantha Mugatsia, aliyeigiza Kena, akachukua tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la FESPACO kule Ouagadougou.

Kuhusu skripti yako, nianze na lisilopendeza. Sheria yetu ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka upate kibali kabla ya kupiga picha, na filamu ikaguliwe na Bodi ya Filamu kabla ya kuonyeshwa. Kanuni ya Adhabu nayo inaweka kifungo cha maisha, kisichopungua miaka 30, kwa kile inachokiita kosa la kinyume cha maumbile. Kuandika skripti na kuipigia picha mitaani ni mambo mawili tofauti, na kuna waigizaji na wapiga picha watakaobeba hatari pamoja nawe. Jirani zetu waliotengeneza *Stories of Our Lives* mwaka 2014, wakiongozwa na Jim Chuchu, walificha majina yao kwanza, wakajitambulisha ilipoonyeshwa kwenye tamasha la Toronto, Kanada. Filamu ikapigwa marufuku kwao, na Oktoba mwaka huo prodyuza wao, George Gachara, akakamatwa kwa madai ya kupiga picha bila kibali, ingawa mashtaka hayo baadaye yaliondolewa. Kwa hiyo andika, isomeshe kwa watu unaowaamini, na usiharakishe kamera.

Katika ufundi nina moja tu. Mvuvi wako awe mvuvi kweli. Nataka nijue anatia nyavu za aina gani, anamdai nani, samaki akikosekana anakula nini, mama yake anamwitaje akikasirika. Vichekesho vyetu vimetuchosha na yule kaka wa saluni anayeingia na mkoba mkononi, anakatika, watu wanacheka, anatoka. Hatujui anaishi wapi wala kodi ya nyumba analipa kwa nini. Ukishampa mtu wako deni, jirani na jahazi linalovuja, mapenzi yake yatakaa mahali pake bila wewe kuyapigia tarumbeta.

Kaka, salamu. Mimi ni fundi cherehani na picha za Kihindi ndizo zilizonilea. Hivi Wahindi, kwa jinsi wanavyopenda familia, wamewahi kutoa picha ya mambo haya bila kufanya mzaha? – Bi. Z., Chumbageni, Tanga

Wamewahi, dada, na wamelipia. Deepa Mehta alitoa *Fire* mwaka 1996, Shabana Azmi na Nandita Das wakiwa wake wa ndugu wawili katika nyumba moja, wanaopendana. Ilipofika kumbi za India mwishoni mwa mwaka 1998, wafuasi wa chama cha Shiv Sena walivamia majumba ya sinema Mumbai na Delhi, wakavunja vioo na kuchana mabango. Filamu ikarudishwa kwa wakaguzi, nao wakaipitisha tena bila kukata kitu. Usihofu jina lake: moto unawaka, lakini wanawake wote wawili wanaokoka na wanakutana kwenye kaburi la walii.

Kwa wewe uliyelelewa na picha hizo, ninayokuombea uione kabla ya nyingine zote ni *Aligarh* ya Hansal Mehta. Ni habari ya kweli ya Profesa Ramchandra Siras wa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Aligarh, ambaye mwaka 2010 watu waliingia nyumbani kwake na kamera, wakamrekodi akiwa na mwanamume, kisha chuo kikamsimamisha kazi. Mahakama ilimrudishia haki yake, na siku chache baadaye alikutwa amekufa. Naam, anakufa, nimekwisha kusema kwamba vifo havilingani. Kuna mahali Manoj Bajpayee, aliyemwigiza profesa, anakaa peke yake chumbani na glasi yake, Lata Mangeshkar, yule mwimbaji wa picha za Kihindi, anaimba kwenye kinasa sauti, naye anafumba macho na kuimba kwa chinichini nyuma ya sauti ile, huku mkono ukipepea hewani. Kamera haimwachi kwa muda mrefu sana. Sijaona mpweke aliyeigizwa vizuri kuliko yule, na sidhani kama kuna mtu wa Tanga wa rika letu ambaye hajawahi kukaa hivyo na Lata.

Baada ya Mahakama ya Juu ya India kuamua tarehe 6 Septemba 2018 kwamba mapenzi ya jinsia moja si jinai tena, mambo yalichangamka. *Ek Ladki Ko Dekha Toh Aisa Laga* ya mwaka 2019 inamweka Anil Kapoor kuwa baba wa binti yake mwenyewe, Sonam, anayempenda msichana mwenzake. Ni tamu kupita kiasi, lakini baba yule anayejificha jikoni kwa kuwa mama yake hakutaka mwana mpishi anatosha kukuweka kitini. *Badhaai Do* ya mwaka 2022 ni bora kuliko hiyo: polisi na mwalimu wa michezo wanafunga ndoa ya kuwaziba midomo wazazi, kila mmoja na mpenzi wake wa jinsia yake pembeni. Ndoa za namna hiyo zipo hata mitaa ambayo wewe na mimi tunapita kila siku, kwa hiyo utacheka huku ukijua unachekea nani.

Je, anayeigiza shoga lazima naye awe hivyo? – M., Makorora

Hapana. Heath Ledger, aliyemwigiza Ennis wa *Brokeback Mountain*, hakuwa hivyo, na mashati yale bado yanatutoa machozi. Lakini inapotokea, huongeza kitu: Nakhane, mwanamuziki aliyeigiza mhusika mkuu katika *Inxeba* ya Afrika Kusini ya mwaka 2017, yuko wazi kuhusu maisha yake, na utulivu wake mbele ya kamera una uzito ambao haufundishwi darasani. Filamu hiyo inahusu jando la Waxhosa. Ilipewa daraja la X18, yaani ikahesabiwa pamoja na picha za ngono na kuondolewa kumbini, mpaka mahakama ya Pretoria ilipolifuta daraja hilo Juni 2018.

Ndugu mwandishi, nimemkuta mwanangu wa kiume anatazama *Moonlight* kwenye simu. Niliposoma habari zake nilishtuka. Picha inaweza kumfanya mtoto awe hivyo? – Mama S., Raskazone, Tanga

Mama, mimi nimekua nikitazama wavulana wakiwafukuza wasichana kuzunguka miti, nyimbo sita kwa kila picha, Ijumaa baada ya Ijumaa, na nilizijua nyimbo hizo zote kwa moyo. Kama sinema ingekuwa na nguvu hiyo unayoiogopa, leo ningekuwa na wake wanne.

*Moonlight* ni filamu ya Barry Jenkins ya mwaka 2016, ile iliyochukua Oscar ya filamu bora Februari 2017 baada ya bahasha kuchanganywa jukwaani na filamu nyingine kutangazwa kwanza. Inamfuata Chiron, mtoto wa Miami, utotoni, ujanani na ukubwani. Ningependa uitazame kwa ajili ya mama yake, aliyeigizwa na Naomie Harris. Ni mama aliyemezwa na dawa za kulevya, anayemfokea mwanawe na kumchukulia pesa, na baadaye, akiwa kwenye kituo cha kutibiwa, anamwomba radhi mwana ambaye sasa ana mabega mapana na meno ya dhahabu. Wote wawili wanalia. Kuhusu mapenzi yenyewe kuna machache sana ya kuonekana. Sehemu ndefu ya mwisho ni mwanamume mmoja akimpikia mwenzake wali, maharage na kuku.

Filamu ina matusi na dawa za kulevya, na Marekani imewekewa alama ya R, maana yake mwenye umri chini ya miaka 17 anapaswa kuitazama akiwa na mzazi au mlezi. Hukusema mwanao ana miaka mingapi. Kama hajafika umri huo, keti naye. Kama ameshapita, muulize kwanza kama anapenda uketi.