Gari la spoti linalala nje: maswali yenu na majibu

Barua za safari hii zimeelemea upande mmoja. Mtu amejibana miaka, ameagiza gari la moyo wake Japani, limeshuka bandarini linang'aa, limefika nyumbani ndipo inakumbukwa kwamba hakuna pa kulilaza. Wengine wana ua lakini hawana banda, wengine hata ua hawana. Wengi mnauliza mnunue nini. Mtanisamehe nikijibu zaidi mfanye nini, kwa sababu magari niliyoyaona yameharibiwa na unyevu uliofungiwa ni mengi kuliko yaliyoharibiwa na jua lenyewe.

Habari fundi. Nina Toyota 86 nyekundu, nimepanga Kinondoni, na gari linashinda na kulala nje. Kariakoo nimeona vifuniko vya rangi ya fedha, bei yake si mbaya. Ninunue? – Mpangaji, Dar es Salaam

Kaka, subiri kwanza. Vile vyepesi vya rangi ya fedha havipumui. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi jua likachoma, mvuke unapanda kutoka ardhini na kunaswa chini ya kifuniko, na gari lako linakaa kwenye joto na majimaji hadi jioni. Baada ya miezi kadhaa ya jua la Dar, ile rangi ya fedha nayo huanza kupukutika na kubaki kwenye bodi kama unga.

Kuna balaa jingine, nalo ni upepo. Kifuniko kilicholegea hupigapiga, na vumbi lililobaki chini yake linakuwa msasa. Juu ya rangi ya gari lako kuna tabaka isiyo na rangi, ile mafundi rangi wanayoiita klia, nayo ni nyembamba kuliko unywele wako. Jua likishaimaliza hiyo, wekundu unaanza kupauka na kugeuka waridi, kuanzia kwenye paa na boneti. Hapo dawa ni kupiga rangi upya.

Ukiwa na fedha ya kifuniko, nunua kinachopumua, chenye kitambaa laini ndani, kilichokatwa kwa umbo la gari fupi, na chenye mikanda ya kupita chini ya tumbo la gari. Kifunike juu ya gari safi, kavu, lililopoa. Kifungue kila baada ya siku mbili tatu. Kama unatoka na gari kila siku na kurudi usiku umechoka, utalifunika likiwa na vumbi, na hapo ni afadhali usiwe nacho kabisa.

Fedha hiyo hiyo inatosha kununua shampuu ya gari, ndoo mbili, vitambaa vya maikrofaiba, waksi nzuri na kile kikinga jua cha kioo cha mbele. Ndoo moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga uliotoka kwenye gari usirudi kwenye gari. Acha sabuni ya unga, inakula waksi yote. Waksi kwa jua letu ipake upya ukiona maji hayajikusanyi tena matone juu ya boneti, yanatandaa tu. Na wale vijana wa mashine ya kung'arisha wakikwambia wapitishe kila mwezi, wakatalie: kila wakipita wanachukua klia kidogo, nayo hairudi.

Mwanangu, mimi ni mama mtu mzima, niko Tanga. Kijana wangu amekwenda kazini Muscat, ameniachia gari lake uani, Mazda ile ambayo milango ya nyuma inafunguka kinyume. Ameniambia nimwite jirani aliwashe kila asubuhi dakika tano halafu alizime. Sasa limegoma kabisa kuwaka, na kijana ananilaumu mimi. – Mama wa Tanga

Shikamoo mama. Huna kosa hata kidogo. Jirani hana kosa pia, alitekeleza alichoagizwa. Gari hilo ni RX-8, na kwa gari hilo maagizo aliyokupa ndiyo mabaya kuliko yote.

Injini yake haina pistoni zinazopanda na kushuka kama za magari mengine. Ina rota mbili za pembe tatu zinazozunguka. Ikiwashwa ya baridi inamwagiwa petroli nyingi, na ikizimwa kabla haijapata moto, petroli ile inabaki ndani na kulowesha plagi. Ukirudia kesho na kesho kutwa, siku moja inakataa. Mwambie jirani atafute fundi mwenye betri yenye nguvu. Akanyage mafuta hadi mwisho huku anapiga stata, kwa sababu hapo kompyuta ya gari hilo inakata petroli na injini inapata nafasi ya kujikausha. Apige kwa vipindi vifupi na kupumzisha stata. Ikishindikana, plagi zitolewe zikaushwe au zibadilishwe. Likishawaka, lisizimwe mpaka mshale wa joto utulie mahali pake pa kawaida.

Hata kama lingekuwa gari la kawaida, mama, dakika tano za kila asubuhi zisingelisaidia. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita nzima ya maji, kwa njia ya mvuke. Ekzosi ikiwa ya moto mvuke unatoka wote. Ikiwa ya baridi unageuka maji humo humo na kulioza bomba kutoka ndani. Betri nayo, nguvu iliyotumika kuwashia haijarudi ndani ya dakika tano.

Kwa hiyo chagua moja kati ya mawili. Kama kuna mtu mzima mwenye leseni na unayemwamini, na bima iko hai, aliendeshe kila baada ya wiki mbili, nusu saa au zaidi, aende barabara ya Pangani huko na kurudi, si kuzunguka mtaa. Kabla ya kutoka achungulie oili kwenye kijiti, maana RX-8 inakula oili kidogo kwa jinsi ilivyoundwa, na asiyejua hilo ameua injini. Kama mtu huyo hayupo, liacheni lilale moja kwa moja: tangi lijazwe petroli, matairi yaongezwe upepo kidogo, waya wa hasi wa betri ufunguliwe, handibreki iachwe chini ili breki zisigandie, gari liwekwe gia na kuzuiwa kwa mawe mbele na nyuma ya tairi. Siku ya jua kavu fungua milango saa moja hivi, ndani papate hewa. Na kuku wasitagie chini yake, kwa sababu panapopendwa na kuku panya nao hufika, na panya akiingia kwenye boneti anakula nyaya.

Kijana mwambie nimesema hivyo. Lawama arudishe kwake.

Fundi, naegesha chini ya mwembe Upanga. Kivuli kizuri, lakini kunguru wananimaliza. Mavi yao yameacha alama ambazo hazitoki. – Mdau wa Upanga

Kivuli unakipata kwa gharama. Mavi ya ndege yana asidi, na bodi ikiwa ya moto klia inakuwa laini na kuyapokea. Asubuhi ni uchafu, saa nane mchana ni kovu. Weka kwenye buti chupa ya maji na vitambaa viwili. Ukiona doa, lowesha kitambaa, kilaze juu yake dakika chache, kisha kiinue. Usisugue, ndani yake mna mbegu na mchanga. Alama ulizonazo sasa, zile za juujuu fundi wa kung'arisha atazipunguza mara moja. Zilizozama ziache.

Utomvu wa mwembe utoe kwa pamba yenye spiriti kidogo, osha, paka waksi hapo hapo. Thina na petroli zikae mbali. Msimu wa embe hama, dodo moja lililoiva linaacha bonde kwenye paa. Kama mti wenyewe ungekuwa mnazi nisingekujibu zaidi ya neno moja: ondoka. Kuhusu kunguru, waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili wale takataka. Ukiona jalala karibu na maegesho yako umeshajua kwa nini wako hapo, na kulihamisha jalala kutakusaidia kuliko manati.

Hujambo fundi. Nakaa Nyali, nina Impreza WRX. Naambiwa nipulizie oili chafu chini ya gari kuzuia kutu ya chumvi. Ni kweli? – Msomaji, Mombasa

Sijambo ndugu. Watu wanafanya, na kwa lori la mchanga sitabishana nao. Kwa gari lako, hapana. Oili chafu inatafuna bushi na mipira ya chini, inashika vumbi na kulifanya tope, inadondoka pale unapoegesha, na ikigusa diski za breki utajuta. Zaidi ya hayo, inaziba vitundu vidogo vilivyo chini ya milango na kwenye kingo za bodi, ambavyo viliwekwa ili maji yatoke. Vikizibwa, chumvi inabaki ndani na kutu inaanza upande usiouona.

Osha chini kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kila wiki, hasa ukitoka ufukweni. Ila nikuulize: maji yenyewe yanatoka wapi? Pwani yetu, Mombasa na Dar kote, waosha magari wengi wanatumia maji ya kisima, na visima vingi vina chumvi. Unalipa mtu akuondolee chumvi kwa chumvi. Chovya kidole uonje. Kama yana ladha, mwisho wa kuosha suuza gari zima kwa maji ya mvua au ya mfereji, ndoo mbili zinatosha.

Halafu liache likauke siku nzima, lipelekwe likapigwe ile dawa ya nta ya kuzuia kutu, chini na ndani ya kingo, vitundu vikiachwa wazi. Kutu ya rangi ya chungwa unayoiona kwenye diski asubuhi isikutishe, inaondoka ukikanyaga breki mara chache.

Niaje fundi. MX-5 yangu ina hood ya turubai, niko Kilimani, parking ni ya wazi. Tangu mvua ianze carpet iko maji na gari linanuka uvundo, lakini turubai haijachanika. – Kijana wa Nairobi

Turubai haina shida, mifereji imeziba. Nyuma ya viti, karibu na mikanda, kila upande kuna tundu linalopokea maji ya turubai na kuyashusha chini ya gari mbele ya tairi la nyuma. Kama unaegesha chini ya mijakaranda, yale maua ya zambarau ndiyo yaliyojaa humo. Mimina kikombe cha maji polepole uangalie chini. Yasipotoka, ingiza kamba laini ya plastiki, ile ya mashine ya kukatia nyasi inafaa, uzungushe taratibu. Waya wenye ncha utatoboa bomba.

Zulia litoe nje kabisa, na sponji iliyo chini yake. Ukikausha juu tu uvundo utarudi wiki ijayo. Na turubai isioshwe kwa mashine ya presha, brashi laini na maji yanatosha.

Kaka, Sinza wezi wameondoka na saiti mira zote mbili na taa moja. Nifanye nini wasirudi? – Mwathirika, Dar es Salaam

Pole sana. Wataangalia kama umeweka mpya, kwa hiyo kabla hujafunga nyingine chora namba ya gari kwenye vioo na kwenye taa, kwa kina, mahali panapoonekana. Zinakuwa ngumu kuuzika. Egesha ubavu mmoja ukiwa karibu kabisa na ukuta, weka taa inayowaka mtu akipita, funga nati za ringi zenye ufunguo wake, na mwite fundi umeme mzoefu akufungie swichi ya siri ya pampu ya mafuta pamoja na kifaa cha kufuatilia gari. Mlinzi mmoja wa mtaa anayelipwa kwa wakati na nyumba tano ana faida kuliko walinzi watano wenye madai.

Kuhusu bima kubwa, usidhani kila kilichong'olewa kitalipwa. Uliza vioo na taa kabla ya kusaini, uonyeshwe kifungu chenyewe. Na zile picha za gari mtandaoni zenye geti lako nyuma, zifute leo.

Fundi, naishi Mji Mkongwe, gari halifiki mlangoni. Naliacha Malindi, paka wanalala juu yake na wengine ndani ya boneti. – Zanzibar

Paka anafuata joto la injini, na huwezi kumkataza. Juu ya boneti tandika blanketi zito safi ukishapoa moto wa gari, kucha ziishie hapo. Kabla ya kuwasha, gonga boneti mara mbili na usubiri kidogo. Usilisahau hilo hata siku moja ukiwa na haraka.

Mwenye nyumba hataki nijenge banda, anasema nitamharibia sakafu. Kuna njia? – Mpangaji mwingine, Tegeta

Ipo. Simamisha bomba nne za chuma, kila moja ndani ya ndoo kubwa iliyojazwa zege, juu utandike neti ya kivuli, ile ya vitalu vya miche. Chagua nzito, inayozuia asilimia 80 ya jua. Mvua itapita, na iache ipite, lakini jua kali na majani vitabaki juu. Iinamishe upande mmoja ili uchafu uteleze, na uifunge kwa kamba unazoweza kuzifungua haraka, maana kusi ikivuma neti inageuka tanga na ndoo zinaweza kuangukia gari lenyewe. Siku ukihama unabeba kila kitu. Mchoree mwenye nyumba kwenye karatasi umwonyeshe kabla hujanunua bomba hata moja.