Swali la wiki: mie naanza na nauli

Mmeuliza hivi: jumuiya za misaada za kidini zinapofadhili vikundi vya mitaani vinavyotetea haki za wanawake na watoto, ile ni sadaka au ni siasa? Wallahi limenigusa, maana mie nimo kwenye kikundi kama hicho huku kaskazini Pemba, wilaya ya Micheweni, shehia sitaitaja kwa sababu huku kwetu ukimtaja mbuzi wa mtu basi ushamtaja mwenyewe.

Jibu langu la haraka ni sadaka, na anaesema siasa aje akae na sie wiki moja tu. Kuna watu kila wakisikia haki za wanawake wanasema hayo mambo ya kizungu, dini isiyaguse. Hivi wamesahau ile sheria ya 1985? Msichana hajaolewa akipata mimba anapelekwa jela, na haikuletwa na mzungu ile, tuliitunga wenyewe hapa hapa Zanzibar, ikakaa mpaka 2005 ndo ikabadilishwa, na walopiga kelele miaka yote ile ni akina mama wa hapa hapa wenye buibui zao. Kwahivo msiseme harakati zimekuja na mfadhili. Mfadhili kazikuta.

Na kwa nini jumuiya ya dini na si mradi mwengine? Kwa sababu akija mtu wa mradi na fulana zake na kofia, watu wanakwenda, wanakunywa soda, wanarudi makwao. Akija wa jumuiya ya dini, imamu anakaa nae barazani, sheha, yule kiongozi wa serikali wa shehia, hawezi kusema leo hana nafasi, na wanaume wanasikiliza hata kama wamenuna. Hilo ni kubwa, msilidharau.

Sasa ngoja niwape kisa cha bibi mmoja, nitamwita Bibi tu. Mwanawe wa kiume alimwacha mke na watoto watatu, wa mwisho bado ananyonya, akaoa kwengine, matunzo hakuna. Yule mtalaka wake akenda kwa sheha, sheha akawaita wote wawili, bwana akasema sina kazi sina kitu, sheha akamwambia mama wa watu avumilie. Akaja kwetu, tukampeleka kwa msaidizi wa sheria, maneno yakaandikwa, kesi ikafika kwa kadhi Wete. Na huko bwana akasema yale yale, sina kipato. Na kijiji kizima kinajua kwamba msimu ule wa karafuu bwana yule alichuma, tena alichuma vizuri, lakini nani atasema? Huyu mjomba wake, huyu anavua boti moja nae, huyu kakopeshwa nae. Muhali. Muhali, kule kuoneana haya jamaa kwa jamaa, ndo unaoua kesi Pemba, hizi za matunzo na zile nzito za udhalilishaji, yaani ubakaji na ukatili kwa wanawake na watoto, hata 2021 ilipoanzishwa mahakama maalum ya udhalilishaji tulifurahi kweli lakini iwe maalum namna gani, shahidi asipotokea hakimu atafanya nini?

Aliyekuwa anajua kuliko watu wote ni mama yake mwenyewe yule bwana. Karafuu zilianikwa uani kwa Bibi, kwenye majamvi yake, yeye ndo alozigeuza na kuzikimbilia wingu likitanda, na malipo yake aliachiwa makonyo, vile vijiti vya karafuu. Na karatasi ya ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, ile unayopewa kituoni ukishapimiwa, kijana aliiacha kwa mamaake. Bibi akaikunja ndogo kama hirizi akaifunga kwenye pindo la kanga. Alituonesha siku moja tu, akaifunga tena, hakusema kitu.

Jumuiya ilokuwa ikitufadhili wakati ule, ya dini, jina naliweka, ikamleta shekhe wake kutoka Unguja aje azungumze nae. Kijana mpole, kanzu imenyooka, kakaa mkekani kwa adabu zote, na Bibi yupo pale anasuka ukili wake. Shekhe akamsomea Suratun Nisaa aya ya 135, ile ya kusimamia uadilifu na kuwa mashahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu hata ikiwa ni dhidi ya nafsi zenu au wazazi au jamaa, akamalizia na ile ya Baqara kwamba mashahidi wakiitwa wasikatae. Kasoma vizuri na sauti anayo. Bibi mkono haujasimama, anasuka tu. Akamwacha akamaliza, ndo akamwambia: "Mwanangu, aya naijua, nimesomeshwa chuoni na babaangu, mamaako wewe hajazaliwa. Nauli ndo sina. Na anonipa kitoweo ni huyo huyo nnoambiwa nikamtolee ushahidi. Nikirudi nitakula na nini?"

Shekhe akatutizama sie, sie tukatizama ukili.

Basi hapo ndo mambo yalipoanza. Shekhe Mungu amlipe, alitaka kutoa mfukoni kwake pale pale, lakini afisa wa jumuiya alokuja nae akasema hapana, mambo yaende kwa utaratibu. Utaratibu wenyewe ukawa hivi: kuna fungu la zaka, na zaka ina watu wake wanane walotajwa kwenye Tawba aya ya 60, shahidi wa kesi hamo. Kuna fungu la mradi, hilo ni la semina, nauli analipwa anaekuja semina, asaini na alete risiti ya gari. Risiti ya gari! Konda wa gari la Konde umwambie nipe risiti, si atakushusha njiani? Tukabishana na yule afisa mpaka adhana ya magharibi ikaadhiniwa tukakatiza tukasali tukarudi tukaendelea. Mwenzetu mmoja, anasomesha skuli, hasemi sana, akamuuliza pole pole: huyu bibi ni fakiri au si fakiri? Afisa akasema ni fakiri. Akamwambia basi si yumo kwenye hao wanane, wa mwanzo kabisa, mpe kwa ufakiri wake, akishapewa hela ni zake, akitaka kununua sukari atanunua, akitaka kwenda Wete atakwenda. Shekhe akacheka mpaka kofia ikamvuka. Afisa nae akacheka, akaandika.

Bibi akenda. Kwa kadhi hakusema mengi, alifungua pindo akatoa karatasi, kilo zimeandikwa, tarehe imeandikwa, na akasema majamvi ni yangu. Bwana akaamriwa atoe matunzo. Alitoa miezi, si mingi, kisha akavuka Tanga na mpaka leo ukimtafuta simu haipatikani. Nduguze Bibi hawakumsemesha mpaka Iddi ya Mfunguo Tatu. Kitoweo akiletewa na yule mkwe, mtalaka wa mwanawe, analima mwani, akipata chochote anagawa.

Najua nimerefusha lakini nafika. Baada ya pale ile jumuiya ikataka picha ya Bibi, iwekwe kwenye ripoti ya wafadhili wao, ashike ile karatasi. Bibi akakataa, akasema mie nimemsemea mwanangu kwa kadhi, sikumsemea kwa dunia. Wakarudi tena kuuliza, mara hii wamekuja na mchele. Mie hapo moyo ukaniingia baridi na nikiandika sasa hivi ndo naona kwamba haujatoka. Mchele wa sadaka unaodai picha ni sadaka gani?

Na kuna hili la sulhu ambalo watu wa dini wanalipenda mno. Ukipeleka kesi yoyote wanaanza na sulhu ni kheri. Ni aya, naam, Nisaa hiyo hiyo, 128, lakini isomeni tangu mwanzo, inazungumza mke na mumewe. Haizungumzi mtoto wa skuli alofanyiwa jambo na mtu mzima kisha wazee wa pande mbili wakakaa chini ya mwembe wakagawana hela za kumaliza. Nshaona jumuiya ya dini ikikaa kwenye kikao kama hicho kwa nia njema kabisa, inaombwa dua ya ufunguzi, na kesi inazikwa hapo hapo na ufunguzi wake. Mtu wa mradi mwenye fulana asingeitwa kwenye kile kikao, na pengine ni bora. Kwahivo ile nguvu ya barazani niloisifu huko juu, ndo hiyo hiyo inayoweza kutumaliza.

Haya, sadaka au siasa? Nilianza na sadaka. Sasa naona kumtoa mama akamsemee mwanawe anaemlisha ni kugeuza nani anaogopwa mtaani, na kama hiyo si siasa basi sijui siasa ni nini, ya vyama ni mchezo tu kwa hii. Na bado nasema wafadhili. Ila nauli ya shahidi iwe na fungu lake na jina lake, tusiwe tunaipitishia mlango wa ufakiri, maana kuna mashahidi si mafakiri na nauli hawana pia. Na chakula cha shahidi akirudi kwao, angalau mpaka watu wapoe. Picha hapana. Na kesi ya mtoto wasikae kwenye sulhu yake hata wakiitwa na nani, wakatae, wao hawana muhali na mtu huku, sie ndo tunao. Kama hayo hawayawezi basi wachimbe visima, visima navyo tunavitaka, huku kwetu maji ya chumvi.

Nasema ya huku kaskazini lakini. Mjini Unguja wana wanasheria wa karibu na gari kila dakika, pengine wao watakujibuni vyengine.