Mwinyi na Mkapa: mimi nampa Mzee Ruksa

Mmeuliza wiki hii, kati ya marais wetu Mwinyi na Mkapa aliyemfuata nani kaacha alama kubwa zaidi. Najua wengi watasema Mkapa na wana hoja, TRA, mamlaka ya mapato, ilianza kazi 1996 chini yake, kodi ikaanza kukusanywa kieleweke, 2001 tukapata msamaha wa madeni ya nje na mwaka huohuo ada ya shule ya msingi ikafutwa. Ubinafsishaji ndo bado mbichi, taja tu benki ya NBC kijiweni uone kama mtalala.

Lakini mimi nampa Mzee Ruksa, yani Mwinyi. Watu wanasahau alipokea nchi 1985 sabuni na sukari ni za foleni, mtu anafulia majani ya mpapai, alafu Nyerere bado yupo palepale mwenyekiti wa chama mpaka 1990. Yani unasaini na IMF, shirika la fedha la kimataifa, 1986, walewale ambao Nyerere kagombana nao miaka, na Nyerere mwenyewe anakuangalia! Kweli bajeti ya 1984 ilishaanza kulegeza kidogo, ila aliyefungua kabisa na kubeba lawama ni Mwinyi. Malaika hakuwa, misamaha ya kodi mwishoni ilikuwa aibu mpaka wafadhili wakasitisha misaada 1994, fujo hiyo ndo aliyoikuta Mkapa.

Kinachonimaliza mimi ni jambo lingine. Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, watuhumiwa wakateswa na wengine wakafia mikononi mwa vyombo vya dola huko Mwanza na Shinyanga, yeye hakumgusa hata mmoja lakini 1977 akajiuzulu. Sasa njoo Januari 2001, Mkapa ndo rais, polisi wamewapiga risasi waandamanaji wa chama cha upinzani CUF Zanzibar, wamekufa zaidi ya 30, wengi Pemba, watu wamevuka bahari kukimbilia Shimoni Kenya, na sikumbuki kigogo aliyeachia kiti. Muafaka wa CCM na CUF ulisainiwa Oktoba, sawa, na 2019 Mkapa akaandika kwenye kitabu chake kwamba lile ni doa kwenye urais wake, kwa hilo namheshimu maana wenzake wengi wamekaa kimya. Ila aliyasema kashastaafu miaka 14. Mwinyi alilipa hapohapo akiwa na cheo mkononi, na miaka 8 baadaye huyohuyo ndo akapewa nchi.