Transfoma Kubwa kwa Sabufa Ndogo

SWALI: Sabufa yangu ya nyumbani ina aisii (chipu) za kukuza sauti za TDA2030 na transfoma ya volti 12-0-12, yaani volti 12 kila upande wa waya wa kati. Je, nikiweka ya 18-0-18, besi itaongezeka?

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usifanye hivyo. Volti 18 za mkondo geu, zikishapita kwenye daiodi (zinazozigeuza kuwa mkondo wa moja kwa moja) na kujaza kapasita (zinazohifadhi chaji), huzidishwa kwa takriban 1.41 na kukaribia volti 25 kila upande, ilhali kikomo cha TDA2030 ni volti 18 kila upande. Aisii zitaungua, na kapasita za volti 25 zinaweza kupasuka. Transfoma uliyo nayo, kwa hesabu hiyohiyo, tayari inatoa karibu volti 17 kila upande.

Ikiwa besi inalegea unapoongeza sauti, chagua transfoma ya volti zilezile yenye ampea nyingi zaidi, kisha badilisha kapasita za kuchuja za maikrofaradi 2200 kwa za 4700, volti 35, ukizingatia upande wa hasi wa kila kapasita usigeuzwe. Kabla ya kugusa chochote, chomoa plagi na uondoe chaji ya kapasita kwa kutumia rezista, wala si bisibisi, ambayo mafundi wengi huitumia kwa haraka.