Taa ya usiku kwa baiskeli: anza na ya nyuma

Kwa huyu ameuliza anunue taa gani na elfu moja tu, juu amepata shifti ya usiku na atakuwa anatoka Kondele kwenda Kibos, hapa Kisumu, saa tano: buda, hiyo barabara mimi nimeipiga pedali miaka sita, wacha nikwambie.

Nilianza na ile imeandikwa lumeni (kipimo cha mwanga) elfu kumi kwa boksi. Wiki mbili za kwanza ilikuwa moto. Betri yake ni zile za 18650, nene kama kidole gumba, na imeandikwa 9900 mAh, yaani kiasi cha stima inaweza kubeba. Uongo mtupu, saizi hiyo hata iwe orijino haipiti kama 3500, na ukiishika inafaa iwe nzito, karibu gramu 45 hivi, yangu ilikuwa nyepesi kama kalamu. Usiku mmoja mvua imeshika, taa ikafifia ikabaki kama mshumaa, ikazima, na mbele yangu kuna trela ya miwa imeharibikia hapo kando ya lami, haina reflekta hata moja, dereva ameweka tu matawi, na hayo matawi nilijua yako wakati nimeshayakanyaga. Nilikata kona nikaingia mtaroni na baiskeli juu yangu. Majani ya miwa yalinipapasa kofia nikipita.

Lakini kitu hukuuliza ni taa ya nyuma, na ndiyo ya kununua kwanza. Ya mbele inakuonyesha shimo, ya nyuma ndiyo inamwambia mwenye matatu kwamba kuna mtu hapa. Nyekundu, na usiifunge chini ya siti kama unabeba mzigo, mimi nilitembea mwezi mzima gunia la keria limeifunika na nikijiona niko salama. Funga kwa madigadi. Iwache iwake bila kupepesa, ile ya kupepesa peke yake dereva anashindwa kujua uko mbali kiasi gani.

Ya mbele, tafuta imeandikwa IPX4 (alama ya kwamba inastahimili maji ya kurushiwa) au zaidi, sababu ya mvua zetu, na uiinamishe, mwanga ugonge lami kama mita nane mbele, si macho ya watu. Ya kufunga kwa helmeti achana nayo kama unapita karibu na ziwa, wale wadudu wataingia mpaka mdomoni.

Wazee wa Black Mamba, zile baiskeli nzito za kitambo, watakwambia dainamo, ile inatengeneza stima gurudumu likizunguka, na hawajakosea, volti 6 wati 3, stima ipotee siku mbili wewe unawaka tu. Shida ni ukisimama inazima, na mlima kama Riat utausikia magotini.

Hiyo elfu igawe hivi: mia nne nyuma, mia sita mbele, halafu reflekta za spoki mwambie fundi akuongezee bure, si umenunua mbili.